Nyuzi Kati ya Mabawa Mawili

Fundi saa hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu asubuhi hakuwa na vidole vya kupenya kwenye ndege ndogo aliyokuwa akiiunda. Alikuwa amebandika bawa la juu kwa gundi kabla ya kufunga nyuzi za katikati. Kiburi tu ndicho hakikumpungukia. Akakimeza, akabisha hodi kwa jirani, mshonaji mjane.

— Jirani, niazime sindano iliyopinda.

— Sindano yangu haiazimwi. Nakuja nayo.

Mshonaji akaiinamia meza. Ndege ilikuwa ya mbao nyepesi, mfano wa ndege ya kivita ya zamani.

— Mbona tumbo kama mtumbwi?

— Inatua majini.

— Na magurudumu?

— Nchi kavu pia inatua. Ikishuka majini, rubani anayakunja.

— Akisahau?

— Inapinduka.

— Na feni iko nyuma. Aliyeiunda alivaa shati nje ndani, nini?

Fundi saa akacheka mapengo yakaonekana. Kumbe kuulizwa ni kutamu hivi. Sindano ikapenya, uzi wa kwanza ukakaza. Simu ya mshonaji ikalia. Akausoma ujumbe kwa sauti:

“Mama, nimekata tiketi. Jumamosi unahamia kwangu. Cherehani uza.”

— Binti yako huyo. Utakwenda?

— Sijaombwa kubaki.

— Na nyuzi zilizobaki atafunga nani?

Mshonaji akachomoa sindano yake.

— Kumbe ni nyuzi.

Alikwisha kushika kitasa.

— Ngoja. Ndege ikae bila nyuzi hata milele. Wewe usiende. Nataka kukuoa.

Mshonaji hakugeuka upesi.

— Maneno hayo ulikuwa umeyaweka wapi, mzee?

— Nilikuwa nayo. Niliogopa utacheka.

— Nitacheka baadaye. Sasa mwandikie binti yangu. Kwenye simu hatakuacha umalize.

Akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya jioni: “Mwanangu, naomba ruhusa yako…”

— Futa. Mimi si mali yake. Omba baraka.

Akafuta.

— Na cherehani?

— Mwambie haiuzwi.

Akaandika hilo pia, akatia sahihi. Mshonaji akairamba bahasha, akaifunga, akaipitishia kidole gumba. Wakaongozana hadi posta, mshonaji akaitumbukiza mwenyewe.