Kitambaa cha Furushi la Nne

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji, mlango umefungwa kwa komeo.

Kipara, mkuu wa genge, alichora kwa kidole kwenye vumbi la meza. "Ghala. Geti. Barabara ya machimboni. Lori lina nyumba sita za muda: kuta, mabati, milango. Mlinzi ni wetu."

"Nyumba za nani?" Dereva aliuliza.

"Za serikali."

Uongo mtupu. Zilikuwa za watu wa mafuriko, waliolala madarasani tangu mto uvunje kingo. Dada yake Dereva alikuwa humo na wanawe, godoro moja. Subira huvuta heri, waliambiwa. Kwao ilivuta kikohozi. Kipara alikuwa amemwahidi Dereva nyumba moja ya kumpa dada, na mwenyekiti wa kambi alikuwa ametangaza kwamba familia yenye ndugu mwizi itafutwa kwenye orodha ya nyumba. Dereva aliamua kucheza na moto.

Saa tano. Mlinzi aligeukia ukuta kujisaidia. Lori likatoka.

Machimboni walifungua turubai. Kila furushi, yaani nyumba nzima, lilikuwa na kitambaa. Awamu ya kwanza ya ugawaji, milango ya maskini ilibadilishwa ghalani kwa mibovu, basi sasa kila familia ilifunga kipande cha nguo yake, isidhulumiwe tena.

"Kata hivyo vitambaa," Kipara alisema. "Mnunuzi hataki alama."

Dereva alikata cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne alikifungua, akakishika kiganjani. Buluu, maua ya njano: gauni la marehemu mama yao. Zamu ya dada ilikuwa imefika. Wiki nzima hakwenda kumwona. Alikuwa akipanga kumwibia.

"Hii ndiyo yangu," alisema.

"Yako ipi? Zote zina mnunuzi."

"Uliniahidi, bosi."

"Ahadi ni deni. Nidai basi."

Akacheka. Dereva alirukia usukani, akakanyaga mafuta. Risasi ilipasua kioo, ikamwingia begani.

Saa sita na nusu. Habari za wizi zilikuwa zimemtangulia shuleni. Alipofungua mlango wa lori, watu wa kambi walimvuta chini. Mateke, mawe. Nani angemsikiliza mwizi aliyerudisha?

"Ngojeni," mwenyekiti alisema. "Huyu lazima ana ndugu humu. Nani anamjua?"

Dada alipenya katikati ya watu, mdogo wa mwisho mgongoni. Alimwona. Akafungua mdomo kumwita.

Dereva alitikisa kichwa, kidogo tu.

Dada alipiga magoti, akamfumbua vidole vyenye damu kimoja kimoja, akachukua kitambaa.

"Hiki changu," alisema. "Huyu simjui."

Ilimuuma Dereva kuliko risasi, lakini hakumlaumu. Alilala vumbini akimtazama dada yake akikifunga kitambaa upya kwenye furushi, fundo likamshinda mara mbili. Polisi walipofika, fundo lilikuwa limekaza.