Matapishi ya Musafiri

Kila Jumamosi asubuhi mimi na mama tunagawana kazi. Yeye anashuka Kituku, kando ya ziwa, kununua sambaza kwa wavuvi, mimi nawasha makaa. Jua likianza kupanda tunakaa kwenye mlango wa foyer, nyumba ya vijana, hapa kwetu mtaa wa Mapendo, mjini Goma. Mama anakaanga, mimi nawafungia wateja kwenye karatasi. Sambaza ni samaki wadogo, mtu anawala wazima, kichwa na mkia. Usiniulize kama ni watamu. Uliza Mapendo nzima.

Wateja wakipungua, mama ananiambia, "Fatouma, haya, nenda kwenye baiskeli yako." Nami nakimbilia ndani.

Baiskeli zenyewe haziendi popote. Mwalimu Cyprien amezifunga tatu juu ya vyuma, ndani ya chumba. Siku hizi hakuna mzazi anayetaka mtoto wake aende mbali barabarani, kwa hiyo tunasafiri tukiwa chumbani. Mbele yetu kuna skrini kubwa. Ukikanyaga pedali, mwendeshaji wako kwenye skrini naye anakwenda. Katika barabara hiyohiyo unawaona watoto wa Bukavu, ambao nao wako chumbani kwao huko ng'ambo ya ziwa. Barabara ikianza kupanda, pedali zinakuwa nzito kwelikweli, na namba iliyo pembeni inaonyesha nguvu unayotumia.

Haya si mashindano. Sheria ni moja tu: kundi linaanza pamoja na kundi linafika pamoja. Anayekaa nyuma ya wenzake anakingwa upepo, ingawa upepo wenyewe ni wa kompyuta, na hachoki sana. Akiachwa peke yake, kazi imemshinda.

Sasa sheria hiyo Musafiri hakuitaka kabisa. Musafiri ni mvulana wa darasa letu. Jioni anamsaidia baba yake mdogo kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ikiwa imejaa magunia ya viazi. Kwenye chukudu, ukikaribia mlima unakimbia, unasukuma kwa nguvu zako zote, halafu unaweka jiwe chini ya gurudumu na kupumzika. Musafiri aliendesha baiskeli za Mwalimu kwa namna hiyohiyo. Kila mlima alichomoka kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Akifika juu anaacha kukanyaga, anakohoa, anatema makohozi kwenye taulo. Na taulo lile ni letu sote! Mimi nilikuwa siligusi tena, hata jasho liniingie machoni.

"Musafiri," Mwalimu Cyprien alimwonya wiki iliyopita, "ukivunja kundi tena, utakaa nje mpaka likizo."

"Nimesikia, Mwalimu," alijibu. Kusikia alisikia.

Jumamosi iliyofuata tulipanda mimi, Musafiri na Dative. Dative ni mdogo kwetu, na ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua malaria. Mwalimu alituomba twende naye taratibu. Mwanzoni tulikwenda vizuri. Kisha mlima ukaja, na Musafiri huyoo, akachomoka. Watoto wa Bukavu wakahangaika kumfuata, mimi nikakanyaga mpaka magoti yakauma, na Dative akaanza kubaki nyuma. Juu ya mlima Musafiri akaacha kukanyaga, sote tukarundikana nyuma yake. Mlima wa pili, yaleyale.

Sauti ya Cubaka, kijana anayeongoza kundi kutoka Bukavu, ikasikika kwenye spika: "Goma, munafanya nini? Mutu mumoja anakimbia, wengine banakufa nyuma!"

"Musafiri, punguza!" Mwalimu akasema.

Hakupunguza. Mlima wa tatu aliuvamia akiwa amesimama juu ya pedali, shingo imemtoka mishipa. Katikati ya mlima nikamwona amebadilika rangi. Akafunga mdomo. Akaufungua. Mungu wangu! Yalitoka kama bomba lililopasuka, yakamwagikia usukani, skrini, sakafu, na kiatu changu. Yalikuwa ya moto. Nilihisi moto wake ndani ya soksi, nami nikakaribia kumfuata.

Madamu Mukashyaka, mkurugenzi wa foyer, akaja mbio. "Kuna nini hapa?"

Musafiri akamtazama Mwalimu, akatazama sakafu. Nilimwona akitafuta la kusema. Ulimi hauna mfupa, ndugu msomaji. "Ni sambaza, Madamu," akasema kwa sauti kubwa. "Sambaza za Mama Fatouma. Zimeoza! Nilikula asubuhi."

Dirisha lilikuwa wazi, na wateja walikuwa wameanza tena kupanga mstari nje. Neno "zimeoza" likawafikia kabla Madamu hajatoka, nami nyuma yake. Mama mmoja akatema alichokuwa anatafuna. Mwingine akarudisha karatasi yake akiwa amekunja pua, kana kwamba mama yangu alimpa uchafu.

"Mama Fatouma, pole," Madamu akasema, "lakini siwezi kuacha batoto bagonjwe hapa. Zima moto. Kwenye mlango huu hutauza tena."

Mama hakubishana. Alitoa sufuria motoni, akamwagia makaa maji. Sambaza zile ndizo zinazotulisha, mimi na wadogo zangu. Mama hana kazi nyingine, wala hana mlango mwingine wa kukaa.

Nilirudi ndani kwa hasira. Musafiri alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika tumbo, amefanya uso wa huruma. Afadhali matapishi yake, nilijiambia, kuliko uso ule! Dative alikuwa anampepea. Na nani atapangusa? Hakuna aliyesogea. Nikachukua ndoo na kitambaa, nikainama.

Harufu ilikuwa kali. Nikageuza uso ukutani. Halafu nikawaza: Fatouma, wewe unasafisha sambaza kila Jumamosi. Angalia. Nikaziba pua, nikaangalia. Niliona vipande vya mandazi, vingi, vimevimba. Niliona maji mekundu ya soda. Nikatafuta kichwa kimoja cha sambaza, mkia mmoja, jicho moja. Hakuna.

"Mwalimu, njoo uone!"

"Pangusa tu, Fatouma."

"Hapana, Mwalimu. Njoo unionyeshe sambaza hapa."

Mwalimu akaja. Madamu akaja na leso puani. Tukainama watatu juu ya uchafu ule kama watu wanaochambua maharagi. Kwa kweli ni kazi ambayo simtakii mtu yeyote. Madamu alikuwa wa kwanza kuinuka.

"Musafiri, sambaza ulizokula ziko wapi?"

"Zi... zilibaki tumboni, Madamu."

"Mandazi yakatoka, soda ikatoka, sambaza zikakataa kutoka?"

Dative akaacha kumpepea. "Mimi nilimuona," akasema polepole. "Alikula mandazi na kunywa soda hapo nyuma, tukiwa tunangoja baiskeli. Aliniambia soda inapatia mutu nguvu ya kupanda."

Musafiri akaanza kulia. "Niliogopa kufukuzwa," akasema. "Sikula sambaza. Hata moja."

"Sikiliza," Mwalimu Cyprien akamwambia. "Ukikurupuka na tumbo limejaa hivyo, miguu inadai nguvu zote, tumbo linakataa. Ndiyo maana ulitapika. Kwenye chukudu una jiwe la kuweka ukichoka. Hapa jiwe liko wapi? Mlimani unaongeza nguvu kidogo, kileleni unaendelea kukanyaga, ili aliye nyuma yako akingwe upepo. Wewe ulitaka kumuua Dative kwa sifa za dakika mbili. Utakaa nje mpaka likizo, kama nilivyosema. Lakini kazi yako ya kwanza iko pale mlangoni."

Tukatoka. Mama alikuwa anafunga mizigo. Madamu akatangulia. "Mama Fatouma, nimekosa. Nilikufukuza bila kuuliza. Washa moto wako, tafadhali, mlango ni wako."

Musafiri akapiga magoti. "Mama, unisamehe. Nilidanganya."

Mama akaweka mizigo chini. Shati la Musafiri bado lilikuwa linanuka.

"Simama, mutoto wangu. Nimekusamehe. Sasa niambie, bale bateja waliokuwa hapa wako wapi?"

Musafiri akageuka. Mstari ulikwisha kutawanyika. Nzi tu ndio walikuwa wamebaki kwenye karatasi zilizotupwa. "Walienda, mama."

"Walienda na nini?"

Musafiri akaokota karatasi moja.

"Walienda na uongo wako," mama akasema. "Saa hii wanawasimulia majirani. Matapishi yako, Fatouma ameyaosha kwa ndoo moja ya maji. Jina langu, utaliosha na maji gani?"

Musafiri akainamisha kichwa. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kumtukana nikayaacha matusi yangu.

"Utaliosha kwa miguu yako," mama akaendelea. "Mimi nawajua wote, Fatouma atakuonyesha milango yao. Uende mlango kwa mlango. Na usikimbie. Kila mlango uongee taratibu, mpaka mutu aelewe."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa yule mama aliyetema sambaza. Musafiri akabisha, akaeleza yote: mandazi, soda, woga wake. Mama yule akamsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo ulimuchafulia Mama Fatouma jina, na wewe unajua ni uongo?"

"Ndiyo, mama."

Akatufungia mlango usoni. Musafiri akasimama pale. Kisha akajifuta macho kwa mkono, akaniuliza mlango wa pili uko wapi.