Uwanja Usio na Mtu

Tangazo lilikuwa limekaa siku ishirini na tisa kwenye mlango wa ofisi, na rejista ya mapingamizi ilikuwa bado nyeupe. Asubuhi ile Fidèle alipoifungua, akakuta alama ya kidole gumba. Wasiojua kuandika huweka kidole, kwa hiyo alama yenyewe haikumshangaza. Kilichomshangaza ni udogo wake, kama punje ya harage, tena haikuwekwa kwa wino. Ilikuwa ya udongo mwekundu, na udongo ulikuwa bado mbichi.

Alimfikiria binti yake Tina, mwenye miaka sita, ambaye hupita ofisini akitoka shule na kugusa kila kitu. Akafuta alama ile kwa kiwiko, akafunga rejista, akajiambia atamgombeza jioni. Jioni ilipofika alikuwa amesahau, au alijifanya amesahau, maana alikumbuka kwamba Tina hakuwa amefika ofisini wiki nzima.

Fidèle alikuwa karani wa viwanja katika komini moja ya Likasi. Huo ulikuwa mwaka 1995, na mji ulikuwa umelala usingizi wa mgonjwa. Mitambo ya madini kule Panda ilikuwa kimya, mishahara ilikuwa habari ya kale, na kila mtu alitaka kipande cha ardhi ajenge, apande na mihogo. Ofisi ikaamua kukata viwanja katika uwanja mmoja nyuma ya reli. Utaratibu haukuwa mgumu. Kabla ya ardhi kugawiwa, karani aende kwa miguu yake, aulize kila atakayemkuta pale, aandike anachosema, kisha tangazo libandikwe mwezi mzima ili mwenye pingamizi aje.

Fidèle hakwenda. Baiskeli haikuwa na tairi, jua lilikuwa kali, na mkubwa wake, Shefu Ghislain, alikuwa na haraka. Basi aliketi mezani akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Uwanja ni mtupu. Hakuna mtu aliyekutwa.* Akatia sahihi.

Na alijua. Tusimsingizie ujinga, kila mtu Likasi alijua. Miaka miwili nyuma, watu wa jimbo la Kasai walipofukuzwa majumbani mwao wakalala miezi pale stesheni chini ya maturubai wakingoja treni ya kuwarudisha kwao, surua ilipita katikati ya watoto wao. Waliokufa walibebwa nyuma ya reli na kuzikwa pasipo msalaba, pasipo hata ubao wenye jina. Mji ukanyamaza. Sisi watu tuna kipaji hicho, tukinyamaza pamoja tunadhani jambo limekwisha.

Siku ya thelathini Fidèle alifungua rejista. Ukurasa wote ulikuwa umejaa vidole vidogo, vyekundu, vimepangwa mstari kwa mstari kama watoto wa shule. Alivihesabu. Vilikuwa sitini na tatu. Karatasi ilinuka turubai lililolowa mvua.

Alimpelekea Ghislain, ambaye aliutazama ukurasa, akamtazama na yeye.

"Fidèle, hii ni michezo ya batoto. Na mutoto hawezi kupinga kintu. Loi ya serikali inasema asimame na mukubwa wake. Mukubwa iko wapi hapa?"

"Hakuna, Shefu."

"Donc hakuna pingamizi. C'est fini."

Akauchana ukurasa, akautupa. Kisha, kwa kuwa mshahara haukuwapo, akampa Fidèle kiwanja namba kumi na mbili, kiwe shukrani kwa kazi nzuri. Fidèle alishukuru. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile mzigo ule aliuona bado wa wengine.

Alijenga vyumba viwili vya matofali ya udongo na kuviezeka mabati. Walihamia Oktoba, kabla ya mvua, yeye na mkewe Albertine na Tina, mtoto wao wa pekee aliyepatikana baada ya mimba tatu kuharibika. Walikuwa wa kwanza. Majirani walikuwa bado wanafyatua matofali.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Wiki ya pili, mchana wa saa saba, Albertine alikuwa akipika ugali kwenye mbabula yake ya mkaa uani, akaacha mwiko ndani ya sufuria na kuja polepole hadi mlangoni.

"Baba Tina," alinong'ona. "Weye unasikia?"

"Nini?"

"Batoto. Banakohoa."

"Ni ba jirani."

"Jirani gani? Hakuna jirani. Ni kule chini." Alishika kizingiti. "Chini ya nyumba."

Fidèle akainama, akaweka sikio sakafuni ili amwonyeshe mkewe kwamba wanawake huogopa bure. Akasikia. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha watoto wengi, mmoja akianza na mwingine akipokea, na katikati yake sauti moja ndogo ikilalamika kwa kunung'unika, bila kulia, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze akatii. Aliinuka na kujipangusa magoti. Alimwambia mkewe ni panya, ingawa wote wawili walijua panya hawakohoi.

Lakini kikohozi kilikuwa afadhali. Siku ya Alhamisi, saa tisa, treni ya mizigo ilipiga honi ikitoka mjini, na kabla honi haijaisha nyumba nzima ilitetemeka, kisha pakavuma vishindo vya miguu mitupu, midogo, mingi, ikiinuka kutoka chini ya kitanda, chini ya mbabula, chini ya kuta zenyewe, ikakimbia uani ikielekea reli, na nyasi zikalala kana kwamba zimekanyagwa ingawa hapakuwa na wa kuzikanyaga, na harufu ya turubai bichi ikawapita usoni wote wawili, na treni ikapita, ikaenda, na baada ya kimya kirefu miguu ile ikaanza kurudi, polepole sasa, ikiburuzika, mmoja baada ya mwingine, ikaingia tena chini ya nyumba. Albertine alikuwa amekumbatia nguzo na rozari yake mdomoni. Fidèle aligundua kwamba alikuwa akilia.

Tina peke yake hakuogopa. Alikuwa amekaa kizingitini, anasuka nywele za mwanasesere wake wa gunzi.

"Ile haikuwa treni yabo," alisema. "Yabo bado."

"Nani, mama? Treni ya nani?" Fidèle alimwuliza binti yake.

"Benzangu. Banangoja kuenda kwabo. Banasema na minye niende nabo, nafasi iko."

Albertine alimnyanyua mtoto na kumwingiza ndani. Chini ya mto wake walikuta furushi: gauni la shule, sahani ya bati, na nusu ya mkate, vimefungwa ndani ya kitambaa kama afanyavyo msafiri.

Usiku ule homa ilimpanda Tina. Kulipokucha uso wake ulikuwa na vipele. Sista wa zahanati alisema ni surua, akashangaa, maana mwezi ule hapakuwa na surua popote mjini. Dawa hakuwa nayo. Aliwaambia wamnyweshe maji na wamwombee. Kila honi ilipolia, Tina aliinuka kitandani na macho yamefumba, akatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu, na ilibidi mama yake amlalie ili asitoke.

Alhamisi iliyofuata, homa ikizidi, Fidèle alikimbia ofisini. Alimpigia Ghislain magoti, yeye mtu mzima.

"Shefu, tufute ile ripoti. Minye nilidanganya. Kule kuko bantu."

"Bantu gani? Malupangu, viwanja makumi mane yote yalishagawiwa, bantu biko na makaratasi mukononi!"

"Mwana wangu anakufa, Shefu."

Ghislain hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, kama Fidèle mwenyewe. "Peleka mutoto ku maombi," alisema. "Karatasi haiui muntu."

Nje ya ofisi, ng'ambo ya barabara, alikaa mwanamke mmoja na beseni la mandazi. Jina lake Mbombo, mjane wa Kikasai, mmoja wa wachache ambao hawakuondoka. Fidèle alikuwa amenunua mandazi yake mara nyingi bila kumtazama usoni. Leo ni yeye aliyemwita.

"Papa Fidèle. Mwana wako anagonjwa."

"Nani alikwambia, Maman?"

"Unanuka turubai." Akafunika mandazi. "Mutoto wangu iko kule. Kalonji. Miaka mitano. Siku bengine balipanda treni, minye nilikatala, juu nitamuacha na nani? Wakati balibandika ile tangazo, siku yote makumi tatu nilikuya hapa kupinga. Nafika pa mulango, naogopa. Nikisema kwetu ni wapi, banaweza kunifukuza tena. Njo nikabaki kuuza mandazi."

Fidèle alichuchumaa mbele ya beseni. Aibu ilimchoma kuliko hofu.

"Unaweza kunisaidia, Maman?"

"Weye uliandika asema kule hakuna muntu. Uende uandike bale biko. Minye nitakuwa mukubwa yabo. Fanya mbio, leo ni Alhamisi, siku ya treni."

Walifika uwanjani saa nane na nusu. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa za mabati, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Mbombo alivua viatu. Fidèle alisimama kwenye jiwe la kwanza la mpaka na rejista mikononi, akafungua ukurasa mpya, na akasema maneno ambayo alipaswa kuyasema miezi mitatu iliyopita.

"Kwa jina la ofisi ya viwanja, nauliza. Nani iko mu huu uwanja?"

Nyasi zilitikisika mbali, karibu na reli, kisha karibu zaidi, kisha pande zote, na harufu ile ikamjia puani, na kikohozi kikamzunguka kiunoni, kwa urefu wa watoto, na mkono mdogo usioonekana, wa baridi kama udongo wa kisimani, ukamshika kifundo cha mkono ili rejista isitikisike, na kwenye karatasi nyeupe kikatokea kidole chekundu, na kingine, na kingine, kila mmoja akingoja zamu yake, hakuna aliyesukuma, hakuna aliyegombana, kama watoto waliozoea kupangwa foleni, na yeye alihesabu kwa sauti kwa sababu aliona kwamba akiacha kuhesabu atapiga kelele na kukimbia, na akikimbia Tina atakufa. Walikuwa sitini na tatu.

Mbombo alipaka kidole chake udongo, akakikandamiza chini ya vyote.

"Minye njo mama yabo," alisema.

"Banataka nini, Maman?"

"Kuenda kwabo tu."

Honi ya treni ikalia upande wa mjini. Mbombo alifungua kitenge chake, akainama mgongo kama anayembeba mtoto, akafunga, na Fidèle aliona kitambaa kikivutika chini kwa uzito wa kitu. Uso wa mama yule ulikunjuka. Akawaita watoto waende, kwa lugha ya kwao, sauti ya kwanza ya juu aliyoitoa kwa miaka miwili:

"Tuyayi, bana banyi!"

Miguu ikaondoka. Safari hii haikuburuzika, ilikimbia, ikacheka pia, ikampita Fidèle kushoto na kulia ikimgusa mapaja, na treni ikapunguza mwendo penye kona kama ifanyavyo siku zote, na Mbombo akashikwa mkono na wasafiri waliokaa juu ya mizigo, akapanda. Katikati ya miguu mitupu, Fidèle akasikia kitu kingine. Kandambili. Jozi moja, pa, pa, pa, ikihangaika kuwafikia wenzake.

Akatazama treni, akatazama nyumba. Treni ilikuwa hatua mia, nyumba hatua mia. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika hapa. Akakimbilia nyumbani akipiga kelele jina la mwanawe.

Albertine alimpokea mlangoni, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Amepona! Baba Tina, alama zote zimeisha! Ameamuka peke yake!"

Na kweli, Tina alikuwa amekaa kitandani. Ngozi yake ilikuwa safi, paji la uso baridi. Fidèle alianguka magotini, akamshika mikono, akaibusu, akamshukuru Mungu kwa sauti, na mvua ikaanza kupiga mabati. Chini ya sakafu kulikuwa kimya kabisa. Furaha ilimjaa hata hakuona mapema jinsi mtoto anavyomtazama, kwa adabu na woga, kama mgeni anayemtazama mwenye nyumba.

Kisha mtoto akamgeukia Albertine.

"Mamu," alisema taratibu, "ndi musue mayi."

Albertine alicheka. "Anasema nini? Homa bado inamuchanganya."

Fidèle aliyaelewa maneno yale, kwa kuwa aliyasikia stesheni mchana kutwa miaka miwili nyuma, kutoka chini ya maturubai. Kilikuwa Kiluba cha Kasai. Mtoto alikuwa akiomba maji.

Akatazama chini ya kitanda. Furushi halikuwapo, wala kandambili. Waliopaswa kupanda treni walikuwa sitini na tatu, ndivyo ilivyoandikwa, na mmoja wao alikuwa amemwachia Tina nafasi yake. Honi ililia tena, mbali sana sasa, kwenye njia ya Tenke.

Albertine alileta kikombe. Mtoto alikishika kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumua, kisha akaegemeza kichwa kifuani pa mama yule na kufumba macho, kama mtu aliyekosa kubebwa siku nyingi. Albertine alimfunika kwa kitenge chake.

"Baba Tina, unalia nini?" aliuliza. "Hauoni mutoto amepona?"

Fidèle alifungua mdomo. Alimtazama mkewe, furaha yake, mikono yake iliyomzunguka yule mtoto.

"Ndiyo," alisema. "Amepona."