Vidole vya Dobi

Mashine ya kuhakiki alama za vidole ilitoweka mezani kwa Afisa Utumishi wa hospitali, na kufuli la mlango halikuwa na hata mkwaruzo. Wiki nzima ikapita. Sheria nayo haikuwa na mzaha: mtumishi wa umma asiyehakikiwa hadi mwisho wa mwezi, kazi hana.

"Mwizi ni dobi," Afisa Utumishi alisema. "Mashine ilimkataa mara tatu. Vyeti vyake vya kuokota!"

Inspekta wa polisi, mama mtu mzima mzito wa kusema, alifunga daftari lake. Watu wenye majibu kabla ya maswali walimchosha. Akaenda kwa dobi.

"Vyeti ni vyangu mwenyewe, afande," dobi alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni dawa ya madoa. Imenila vidole."

Inspekta akavitazama. Michirizi ilikuwa imeanza kurudi, myembamba.

"Siku hizi mashuka anafua nani?"

"Mimi." Lakini aliinamisha uso.

Langoni, mumewe dobi, mlinzi mwenye kutunza funguo zote, alipiga saluti. Kiganja kilikuwa kimechubuka, kikinuka sabuni na dawa ya madoa.

"Mlinzi na sabuni wapi na wapi?"

"Nimetoka kuoga, afande."

"Kwa dawa ya madoa?"

Mabega yakamshuka.

"Mashine iko wapi?"

"Kwenye pipa la sabuni, nimeiviringishia blanketi. Nimeiba mimi. Mke wangu hajui. Daktari alisema vidole vikipumzika, alama hurudi. Nikaificha, nikawa namfulia."

"Kwa nini hukumwomba Afisa Utumishi muda?"

"Nilimwomba. Akasema sheria haijaoa."

Inspekta alimwonea huruma. Pingu hakuzitoa. Mashine ikarudishwa mezani, dobi akaitwa. Dole gumba la kwanza likakataliwa. La pili, taa ikawaka kijani.

Mlinzi akacheka kama mtu aliyeambiwa amepata mtoto.

"Unacheka? Kazi huna tena!" Afisa Utumishi akafoka.

"Ya kwake imebaki, bosi."

Ndipo dobi alipoelewa. Akamvamia mumewe, akampiga kifuani ngumi zisizouma. "Mwanamume huna akili wewe! Kazi ninayo, sasa jioni narudi kwa nani?"

"Kwa huyu huyu," Inspekta alisema. "Kesi atajibu, wizi ni wizi. Ila twende wote kituoni umwekee dhamana. Anatakiwa mtumishi wa umma aliyehakikiwa."