Mvua Ndani ya Kisagio

Kisagio kilikuwa na pua. Lilikuwa tundu dogo lisilozidi punje ya mtama, chini ya bakuli la buni, na kazi yake ilikuwa kunusa unyevu wa hewa. Siku ya mvua buni hulainika na kusagika vibaya. Siku ya jua kali hukauka na kuvunjika kama kioo. Pua ilipima, ikaiarifu akili mnemba iliyokaa kwenye kitako, nayo ikayasogeza meno mawili ya chuma, yakaribiane au yaachane kwa unene wa unywele. Ndiyo maana mashine hizo ziliitwa visagio sikivu. Katika jiji la Kigoma la miaka hiyo, ambapo ndege-mizigo zilishusha kahawa ya Kalinzi juu ya mapaa kila asubuhi, hapakuwa na nyumba isiyo na kimoja. Kisagio kilijifunza ulimi wa mwenyewe. Baada ya wiki mbili hukuhitaji kusema neno. Ulitia buni, ukapata kahawa yako.

Kisagio cha Bi Mwavita Bilali kilikuwa na neno moja tu tangu matanga yaanuliwe. Kila alipokigusa, kilisema kwa upole, "Mvua inanyesha. Nasubiri unyevu upungue."

Nje ilikuwa Agosti. Vumbi jekundu la Ujiji lilikuwa limepanda nguzo za treni ya angani mpaka nusu yake, na majani ya mchongoma yalikuwa yamekakamaa kama karatasi.

"Mvua gani?" Tunu alikiuliza. "Toka nje uone."

"Nasubiri unyevu upungue," kilijibu kisagio.

"Kimerukwa na akili hiki, wifi. Nacho kimefiwa."

Bi Mwavita hakucheka, ila hakukasirika. Tunu alikuwa dada wa marehemu mumewe. Alikuja kwa ajili ya matanga na kubaki kukaa naye katika eda, maana mjane hatoki nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi iishe, na mtu hawezi kukaa muda wote huo akizungumza na jokofu, hata jokofu likiwa linajibu.

Marehemu alikuwa Mwalimu Ramadhani Kiza. Kwa miaka thelathini na mmoja ndiye aliyepika kahawa ya nyumba ile, asubuhi kwa ajili ya mkewe na jioni kwa ajili ya rafiki zake wawili waliokaa naye barazani, Mzee Tumbwe na Mzee Yasini. Bi Mwavita aliifahamu kahawa ile kuanzia kikombeni kwenda mbele. Nyuma ya kikombe hakujua kitu. Alikuwa mwongoza ndege-mizigo katika kituo cha ziwani, kazi ya kukodolea macho vioo kutwa nzima, na Kiza alimwambia mapema katika ndoa yao kwamba jikoni asubuhi hamtaki.

Ijumaa ingekuwa arobaini. Wazee wale wawili walikuwa wamepita dirishani kusalimia, na Mzee Tumbwe akasema, "Shemeji, pilau wape watoto. Sisi baada ya dua tunataka kikombe kimoja cha kahawa ya Kiza. Tumuage nacho, basi."

Aliitikia. Angewaambia nini? Angeweza kuagiza kahawa popote jijini, lakini kahawa ya Kiza ilitoka katika kisagio kile tu, na kisagio kilikuwa kinasubiri mvua ikatike. Ofisi ya vyombo ilishamtumia jibu lile lile mara nne: futa kumbukumbu, anza upya. Mara nne alikataa. Aliamini kwamba ndani ya kumbukumbu ile kulikuwa na kipimo cha mumewe, na kwamba kikifutwa hakitarudi tena. Kiza alikuwa ameshafutika mahali pengi: katika orodha ya walimu wastaafu, katika kadi ya treni. Hapo jikoni hakuwa tayari kumfuta kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatano asubuhi alimpigia fundi.

Fundi Edina alikuja na mkoba wa ngozi na miwani ya kukuzia iliyopandishwa kwenye paji la uso. Alisikiliza habari ya mvua bila kutabasamu, akachomoa umeme, akaondoa bakuli la buni, akalilegeza jino la juu kwa kulizungusha kushoto mpaka likatoka. Ndani palikuwa na tope. Lilikuwa jeusi, limekauka juu na kupasuka kama udongo wa bwawa, chini bado bichi, na lilikuwa limeziba pua yote.

"Nani amekiosha?" aliuliza.

Tunu alianza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Siku ya kuanua matanga," alisema Bi Mwavita, "kina mama waliosha vyombo vyote. Ndiyo desturi. Nyumba ya msiba haiachwi na chombo kichafu."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni na maji ya moto," alisema Tunu, akageuka. "Na nilikisugua vizuri. Nikiache kina vumbi la kahawa, kesho waseme dada wa marehemu mchafu?"

"Mama, ulikizamisha?"

"Kidogo."

Fundi Edina alishusha miwani machoni. Alieleza pole pole, kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo katika nyumba nyingi: kisagio hakioshwi, hupigwa brashi kavu, unga ukikutana na maji huwa gundi, na meno ya chuma hushika kutu. Hiki kilikuwa na gundi na kutu pia. Pua yake ilikuwa imezikwa kwenye unyevu tangu siku ile, ndiyo maana kiliamini mvua haijakatika. Alisema hayo huku akiomba mswaki wa zamani na konzi ya mchele mkavu. Alikwangua, akapuliza, akasugua kutu kwa msasa laini, akasaga mchele kidogo ukatoka wa kijivu, akasaga mwingine ukatoka mweupe. Kisha akachomeka umeme.

"Hewa ni kavu," kilisema kisagio. "Habari za asubuhi."

Tunu alishika kifua. "Alhamdulillahi. Nilidhani nimeua."

Bi Mwavita alisogea. "Fundi, sasa nisomee kipimo chake kwanza. Kabla hujagusa kingine."

Fundi alibandika kisomeo kwenye kitako na kutazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, mzee aliuzima usikivu wa kisagio hiki. Ilikuwa mwezi wa tatu tu baada ya kukinunua. Toka hapo, miaka tisa yote, kimeandika neno moja kila siku. Mkono. Alikuwa anazungusha hii pete mwenyewe. Usikivu ulijiwasha tena kilipozamishwa."

"Hakuna kipimo?"

"Hakuna."

"Na pete?" Bi Mwavita aliiangalia pete ya chuma iliyozunguka shingo ya kisagio. "Si ipo alipoiacha?"

Tunu aliinamisha kichwa. "Wifi, siku za matanga watu walikuwa mia mbili. Niliizungusha mpaka mwisho, kisage haraka. Halafu na jirani naye akaizungusha."

Bi Mwavita alikaa kwenye kigoda. Siku thelathini na nane alikuwa amelinda sanduku tupu. Hakulia, alishalia hata maneno ya kilio yakamwishia. Alisema tu, "Kwa nini aliuzima?"

"Kaka yangu alikuwa hapendi kuambiwa," alisema Tunu. "Tangu mdogo. Mama alikuwa akimwambia chakula kimeiva, yeye anafunua chungu kuhakikisha."

Fundi Edina alianza kukusanya vifaa, kisha akaviacha. "Niwaambie ninachokiona katika kazi hii. Mtu akifa, wananiita. Ninasoma chombo, ninawapa kipimo chake, wanashukuru. Lakini nikiwauliza wao wenyewe wanapenda kahawa ya namna gani, hawajui. Chombo ndicho kinachojua. Zamani fundi alitega kisagio kwa sikio. Meno yakikaribiana sauti hupanda, yakiachana hushuka. Mzee wenu bila shaka alitega hivyo. Tatizo ni kwamba sikio lake limekwenda naye."

Bi Mwavita aliinua uso.

"Mimi nilikuwa nasikia," alisema.

"Ulikuwa hapa jikoni?"

"Nilikuwa kitandani. Kila siku ya Mungu. Kile kisagio ndicho kilichokuwa kinaniamsha."

Wale wanawake wawili walitazamana. Kisha Tunu akafunga kanga kiunoni. "Basi nenda kalale, wifi. Sisi tutasaga."

Bi Mwavita alilala ubavu wa kulia, upande wake, akauelekea ukuta. Aliona aibu kidogo, mtu mzima kulala saa nne asubuhi na viatu miguuni, akavivua. Kutoka jikoni kisagio kikaanza.

"Hapana," aliita. "Kinalia kama mchanga."

Fundi akasogeza pete. Kikalia tena.

"Sasa kinapiga mluzi. Rudisha."

Wakarudisha. Wakasogeza. Mara ya tano Bi Mwavita alitega sikio. Sauti ilikuwa karibu, lakini ilikuwa nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni.

"Mmetia buni kiasi gani?"

"Tumejaza bakuli," alijibu Tunu.

"Toeni. Yeye alitia konzi moja tu. Mwishoni zilikuwa zinarukaruka."

Buni zikamwagwa, ikatiwa konzi moja. Zikarukaruka. Bi Mwavita alifumba macho. Bado palikuwa na kitu. Sauti ilikuja yote kwa pamoja, kali, haijazuiwa na kitu.

"Mlango," alisema. "Urudisheni nusu. Alikuwa hauachi wazi, wala haufungi."

Mlango ukasogea. Kisagio kikalia kwa mara ya saba, na Bi Mwavita aliinuka kitandani kabla hajajua kwamba ameinuka, miguu ikitafuta ndala, kama alivyofanya kila asubuhi ya miaka tisa.

"Hapo," alisema. "Msiguse tena."

Ijumaa, dua ilisomwa, watu wakala, wakaagana. Wazee wawili walibaki barazani. Tunu aliwapelekea birika na vikombe, na Bi Mwavita akakaa ndani nyuma ya pazia, mahali ambapo mwenye eda anaweza kusikia bila kuonekana.

Walikunywa.

"Ndiyo," alisema Mzee Yasini.

"Siyo," alisema Mzee Tumbwe. "Ya Kiza ilikuwa chungu zaidi."

"Ulimi wako umezeeka, wewe. Hii ni yenyewe."

"Ulimi wangu? Wewe juzi umekunywa chai ya jirani ukasema supu."

"Ilikuwa na chumvi!"

Wakabishana mpaka birika likaisha, ikawa lazima liongezwe ili shauri likatwe. Tunu aliingia nalo, amekunja uso kwa maumivu.

"Hawajakubaliana. Wanataka tena. Saga mwenyewe, wifi, mgongo wangu hauko hapa." Akapita moja kwa moja chumbani, akajitupa kitandani.

Bi Mwavita alisimama mbele ya kisagio. Tangu kiingie nyumbani humo hakuwahi kusaga nacho kwa mkono wake. Alitia konzi moja, akabonyeza. Sauti ilimshtua. Hapa ilikuwa kubwa, yenye kikohozi kidogo chini yake, haifanani kabisa na ile ya kitandani. Ndiyo aliyokuwa akiisikia Kiza. Konzi ilipokwisha, kisagio kikasema, "Nihifadhi kipimo hiki?"

"Hapana," alisema. "Mkono."

Jikoni kukatulia. Na katika utulivu ule, kupitia mlango uliorudishwa nusu, alisikia kitanda kikilia, shuka zikisogea, na pumzi ya Tunu akigeuka upande wa pili. Alisikia vyote, wazi kama vilikuwa mkononi mwake. Alibaki amesimama, mkono juu ya pete yenye joto. Mlango ungefungwa, kusingesikika kitu. Ungeachwa wazi, kelele zingemwamsha aliyelala kwa ghafla. Miaka tisa alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akisikiliza.

"Mbona kimya?" Tunu aliuliza kutoka chumbani.

"Kimemaliza."

"Basi peleka, wale watapigana."

Akamimina unga kwenye birika, akaongeza tangawizi. Maji yalipochemka alijimiminia yeye kwanza, kikombe kimoja, akakinywa hapo hapo amesimama. Kilikuwa chungu, lakini Mzee Tumbwe alikuwa na haki, hakikutosha. Akaikaza pete kwa unene wa unywele, akatia konzi nyingine.