Hita ya Afande na Matundu Aliyoyaziba

"Huyu ndiye amewalisha sumu! Leteni pingu!"

Ndiyo sauti niliyozindukia nayo, jamani. Niko chini kwenye nyasi nje ya nyumba yetu mlimani Wanale, mvua inaninyeshea, kichwa kinataka kupasuka... na mume wangu Norman, afande wa magereza, amemkaba mdogo wangu Eseza!

Kosa la Eseza? Kutoka Jinja kuja kunisaidia na mtoto wa wiki mbili. Asubuhi alinipikia uji. Saa tano akatukuta mimi na mtoto hatujitambui, akatuvuta nje.

"Afande, mtoto amelegea! Twende hospitali kwanza!" Eseza akalia.

"Nyamaza! Hapa mimi ndio natoa amri!"

Mwanawe anapumua kwa shida, yeye anatafuta pingu. Mwanaume huyo!

Jirani yetu Hakim hakungoja amri ya mtu. Akatupakia kwenye gari lake.

Hospitali tukawekewa oksijeni. Muuguzi akamgeukia bwana mkubwa Norman, naye alitufuata.

"Mlikuwa mnawasha nini chumbani?"

"Hita ya gesi. Mimi ndio nilinunua. Baridi ya huu mlima itaua mtoto."

"Na hewa inaingilia wapi?"

Akavimba kifua. "Haingii! Yale matundu ya juu ya dirisha nimeziba yote. Gazeti na selotepu. Kazi safi."

Kazi safi! Kutwa anafungia wafungwa, akaona atufungie na sisi.

"Afande, uji hauna kosa. Gesi ikiungua chumbani bila hewa safi, inatoa sumu isiyo na harufu. Hiyo ndiyo imewaangusha. Wewe mbona mzima?"

"Mimi nalala sebuleni. Dirisha wazi."

"Kwa nini?"



"Hiyo hita inaniumiza kichwa. Tangu Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, wapendwa! Siku tatu kichwa kinamuuma, akahamisha godoro lake na kutuacha sisi humo ndani!

Saa tisa mtoto akalia kwa nguvu. Nikalia naye.

Naandika haya nikiwa Mafubira huko Jinja, kwa mama. Jana Norman kapiga simu.

"Rudi. Nimezibua matundu."

"Eseza umemwomba msamaha?"

"Afande haombi msamaha kwa mtoto wa kike."

Nikakata.

Mwenye hita ya gesi ndani, acha matundu wazi na dirisha lipitishe hewa, hata kama baridi inakuuma. Na ukiona mumeo amehamisha godoro bila kukwambia sababu, beba mtoto wako, utoke.