Ndoo za Babu yake Alden

Theluji bado ilifika magotini, lakini mchana jua lilikuwa kali. Usiku baridi, mchana joto kidogo: hapo ndipo utomvu mtamu wa miti ya mepo hutiririka. Kila nyumba katika vilima vya Vermont, Marekani, ilikuwa inauchemsha mpaka uwe shira.

Verna Thibault alikuwa akiifanya kazi hiyo bila mumewe, Alden, kwa mara ya kwanza. Alden alifariki majani yalipokuwa yakidondoka, kabla ya theluji. Alden alizoea kuvuta utomvu kwa mipira mirefu ya plastiki. Lakini Jumamosi hiyo watoto ishirini na wawili wangekuja kutembezwa msituni. Walikuwa wanafunzi wa Corinne, binti yake Verna. Wangekunywa utomvu. Kisha wangekula shira ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, pamoja na maandazi na matango ya siki.

"Watoto wanataka kuona ndoo," Verna alimwambia binti yake. "Mipira ina uzuri gani?"

Akapanda darini bandani, akateremsha ndoo thelathini za babu yake Alden. Aliziosha, akazitundika mitini. Alichemsha utomvu siku nne. Akajaza madumu mawili ya shira.

Jumatano jioni jirani yao Wendell alifika. Yeye huwafundisha wapika shira usafi wa kazi yao.

"Umefuata harufu au maandazi?" Verna alimtania.

"Harufu tu. Maandazi yako ya mwaka jana yangefaa kujengea ukuta."

Corinne alicheka. Lakini Wendell alikuwa ameshaziona ndoo. Alishika moja, akapitisha kidole kwenye mshono wake.

"Verna, hizi zimetoka wapi?"

"Darini. Ni za babu yake Alden. Zinapendeza, sivyo?"

"Zamani mishono hii ililehemiwa kwa risasi. Ni madini yenye sumu. Utomvu ukikaa humu unaichukua. Ukiuchemsha, maji yanaondoka na mvuke, sumu inabaki. Ndoo arobaini za utomvu zinatoa ndoo moja ya shira. Hebu fikiria."

"Babu huyo aliila shira ya ndoo hizi mpaka miaka tisini!"

"Na watoto wake, nani aliwapima? Risasi haina ladha wala harufu. Inaingia polepole kwenye ubongo wa mtoto. Anakuwa mzito wa kujifunza, na mara nyingi hatuwezi kuyarudisha yaliyopotea."

Wendell alichukua kijiti cha kupimia risasi kutoka garini, akakisugua kwenye mshono. Ncha nyeupe ikageuka nyekundu.

"Nyekundu maana yake ipo," alisema kwa upole.

Verna akakaa juu ya kuni. "Alden angeniambia."

"Pengine hakudhani utazigusa. Aliziweka juu kabisa. Hakuwa na moyo wa kuzitupa."

"Nilidhani ni uvivu wa kuziosha," Verna alisema. "Nilimcheka."

Corinne akamshika bega. "Mama, niwaambie watoto wasije?"

"Waje. Wendell, nifanye nini?"

"Nina ndoo mpya za chuma cha pua, zimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Karai lako la kuchemshia nalo ni jipya, lisugue vizuri. Shira hii usiimwage shambani. Nitaipeleka kwenye taka za sumu."

Verna aliyabeba madumu mwenyewe hadi garini. Kisha akachukua nyundo na msumari. Akatoboa vitako vya ndoo zote thelathini, moja baada ya nyingine, ili asije mtu akazitumia tena.

Jumamosi watoto walifika na wazazi wachache, Wendell naye akiwepo. Ndoo moja ya zamani ilikuwa imetundikwa ukutani. Msichana mmoja, Tamsin, aliingiza kidole kwenye tundu lake.

"Bibi, mbona hii imetobolewa?"

Verna aliwasimulia yote. Aliwaonyesha mshono na kile kijiti chekundu. Wazazi wawili walimvuta Wendell pembeni. Nao walikuwa na ndoo za zamani nyumbani.

"Kwa hiyo ulitupa shira yote?" Tamsin aliuliza. "Yote yote?"

"Yote yote."

"Ulilia?"

"Kidogo."

Tamsin aliitazama ndoo mpya iliyokuwa ikidondokewa na utomvu mtini. Akageuka kumtazama Verna usoni. Kisha akanyoosha kikombe chake.

"Basi nipe."

Verna akamjazia mpaka juu.